Maji Yasiyo na Wingu: Siku Sita Kando ya Mto Tana

Simulizi hii nimeiandika nikiwa nimesharudi Mombasa, kwa kutegemea daftari lililolowa kona moja na picha nyingi zilizomo kwenye simu. Safari yenyewe ilikuwa ya kifamilia. Shangazi yangu anaishi Kaunti ya Tana River, katika kijiji cha upande wa Ngao ambacho sitakitaja jina kwa kuwa mwenyewe hakupenda, na katika muda wa miezi sita, Novemba 2023 na tena Mei 2024, maji yalimtoa nyumbani kwake mara mbili. Kikao cha ukoo kiliamua kwamba kabla ya vuli mtu aende akaangalie nyumba ile imepungukiwa na nini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, shule zilikuwa zimefungwa, na kura ikaniangukia.

Siku ya kwanza, Jumatatu, Agosti 4, 2025: Mombasa hadi kijijini

Basi la kwenda Lamu lilipaswa kuondoka saa moja asubuhi, lakini abiria mmoja alikuwa na mabati ambayo hayakuisha kufungwa juu hadi saa mbili na robo. Nauli hadi Minjila, ambako nilipaswa kushuka, ilikuwa shilingi 1,000. Malindi tulisimama kidogo, nikala mahamri manne kwa mbaazi za nazi na kikombe cha chai, jumla shilingi 120, na hicho ndicho kilikuwa chakula changu hadi jioni.

Tulipopita daraja la Sabaki, maji ya chini yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa ingawa jua lilikuwa kali. Mama aliyekaa kando yangu, ambaye alikuwa akirudi Garsen kutoka hospitali, aliniona nikishangaa, akasema, "Hayo ni maji ya Nairobi. Yetu sisi ni ya Nyeri." Wakati ule nililichukua kama neno la kupitisha safari. Baadaye nililiandika kwenye daftari mara mbili.

Baada ya Gongoni na Marereni, ambako chumvi hurundikwa vilima vyeupe kando ya mabwawa ya maji ya bahari, barabara inaingia nyika na hakuna la kusimulia isipokuwa vituo vya polisi. Katika kimoja wapo tulishushwa wote na kupangwa mstari, na kwa sababu kijana mmoja hakuwa na kitambulisho, tulikaa juani dakika arubaini hadi mzee mmoja alipokubali kumdhamini. Atakayepita njia hii abebe kitambulisho chenyewe, kwani picha iliyo kwenye simu haikubaliwi.

Minjila nilifika saa nane kasoro. Bodaboda alitaka shilingi 400 kwangu na kwa sanduku langu, nikampa bila kubishana, kwa maana njia ilikuwa ya mchanga na mashimo. Tulipofika naye akajua ninakwenda kwa nani, alinirudishia mia. Shangazi, alisema, ndiye aliyempokea mtoto wake wa kwanza, usiku, katika kambi ya waliohamishwa na mafuriko, chini ya turubai, kwa taa ya simu.

Siku ya pili: sanduku linafunguliwa

Ukoo ulikuwa umechanga shilingi 9,000, nami nilinunua nilivyodhani mtu wa mafuriko anavihitaji: kamba ya mita ishirini, taa mbili za sola, vidonge vya kutibu maji, vyandarua vitatu, dawa za huduma ya kwanza, biskuti za katoni na redio ndogo. Shangazi alikaa kwenye mkeka akavipanga kama mtu anayesahihisha mtihani. Kamba ilipita, na akaipima kwa mikono ili ajue kama inafika kutoka nguzo ya nyumba hadi mti wa jirani. Vyandarua vilipita, kwa kuwa mbu wa maji yanayotuama, alisema, huua watu baada ya wapiga picha kuondoka. Biskuti alizigawa kwa watoto wa mtaa palepale. "Hizi panya atazimaliza kabla ya Novemba, mwalimu. Bora wazile wenye meno yanayonipendeza."

Nyumba yake ni ya miti na udongo, vyumba viwili, mabati juu. Niliuliza kwa nini asijenge ya matofali, na jibu lake lilinichukua asubuhi nzima kulielewa. Kuta za udongo zinajulikana kuwa zitayeyuka. Maji yakishuka, udongo wa kuzikandika upya umejaa mlangoni, tena bure. Asichotaka kukipoteza ni mabati na boriti, kwa hiyo mabati yamepigiliwa misumari michache kuliko kawaida ili vijana wayang'oe haraka na kuyabeba kwa mtumbwi. Mimi niliona hiyo ni hatari wakati wa upepo wa kusi, na bado naona hivyo, lakini yeye amehama mara mbili na mimi sijahama hata mara moja.

Nyuma ya nyumba kuna dungu. Wakulima wa mto huu tangu zamani hujenga madungu shambani ili kukaa juu na kufukuza ndege na nyani. La shangazi liko uani na limejengwa kwa ajili ya maji. Nguzo zake sita ni boriti za mikoko kutoka Kipini, na sakafu yake iko juu ya bega langu. Juu pamefungwa pipa la buluu lenye mfuniko wa kukaza, ambalo ndani yake mna unga, chumvi, sukari, kiberiti kilichotiwa ndani ya chupa, sufuria moja na sabuni. Kando ya pipa kuna ndoo ya rangi ya ukutani, ile ya lita nne, iliyooshwa ikang'ara. Ndani yake zimo stakabadhi zote: vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu, kadi za kliniki na barua ya shamba. Kabla ya 2017, alisema, walizifunga kwenye mifuko ya plastiki. Mifuko ilipopigwa marufuku, ndoo ya rangi ikathibitika kuwa bora kuliko mfuko, kwa kuwa inaelea.

Lakini kitu alichonionyesha kwa fahari kilikuwa debe la zamani la mafuta ya kupikia, zito, lililozibwa kwa nta ya nyuki. Mlikuwa na mbegu za mahindi zilizochanganywa na jivu, na chini yake, ndani ya kitambaa, mbegu za mpunga wa kienyeji. Nilidhani chakula ndicho cha kwanza kuokolewa. Akanisahihisha. "Chakula utaletewa na watu, mwanangu, hata kikichelewa. Mbegu huletewi kwa wakati." Mto unaposhuka huacha tope laini lenye unyevu, na tope hilo linapaswa kupandwa katika siku chache kabla halijakauka na kupasuka. Mwenye mbegu mkononi siku hizo atavuna. Asiye nazo atangojea msimu mwingine, na huo msimu mwingine pengine ni wa ukame.

Majukumu yamegawanywa kwa majina. Mjukuu wa kiume wa miaka kumi na mitatu hubeba debe. Dada yake hubeba ndoo. Shangazi hubeba mtoto mdogo wala hairuhusiwi abebe kingine, kwa sababu mwaka 2023 alijaribu kubeba mtoto pamoja na cherehani, na cherehani ikabaki. Bado imo mahali fulani chini ya tope la shamba la jirani.

Kwa atakayewatembelea jamaa zake wa mtoni: uliza kabla ya kununua. Angalia tarehe iliyopigwa kwenye vidonge vya maji, kwani vyangu vilikuwa vimebakiza miezi mitano tu. Na simu ndogo ya vitufe, ile iitwayo mulika mwizi, ni bora kuliko yangu, ambayo siku ya pili ilikuwa imeshazima.

Siku ya tatu: mwembe wenye alama

Tulivuka mto kwa mtumbwi, shilingi 50 kwa kila mmoja, mvushaji akiwa amesimama nyuma na mpondo wake huku akituonyesha kwa kidevu mahali ambapo viboko walikuwa wamelala. Ng'ambo kuna mwembe mkubwa, na kwenye shina lake kuna alama zilizokatwa kwa panga. Mzee mmoja wa umri wa baba yangu ndiye mtunzaji wake. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaanza kunisomea mti kama mtu asomaye daftari la mahudhurio: hapa 1961, hapa El Niño ya 1997, hapa 2018, hapa 2023, hapa 2024.

Nikaona jambo la ajabu. Alama ya 1961 ilikuwa chini kuliko ya El Niño, ilhali nilikuwa nimesikia tangu utotoni kwamba mafuriko ya 1961 hayakuwa na mfano. Kwa ualimu wangu nilianza kumweleza kwamba mti hukua kwa ncha na alama ya shinani haipandi. Aliniacha nimalize. Kisha akamwita kijana mwenye jembe, akamwambia achimbe kando ya shina, na kwa kina cha zaidi ya mkono mmoja tukaifikia mizizi iliyokuwa imetandaa kama vidole, mizizi ambayo zamani ilikuwa juu ya ardhi. Kumbe kila mafuriko huleta tope lake na kulitandaza, na ardhi ndiyo iliyopanda. Alama ya 1961 haikushuka. Sisi ndio tulikuwa tumesimama juu zaidi. Mzee akacheka hadi akakohoa, na mimi nikashukuru kwamba wanafunzi wangu hawakuwepo.

Alama zinazotumika hasa si zile za mtini. Ziko kwenye kigingi kilichosimikwa ukingoni, nazo ni tatu. Maji yakigusa ya kwanza, mitumbwi huvutwa juu na mbuzi huondolewa. Yakigusa ya pili, watoto, wajawazito na wagonjwa huondoka, hata kama ni usiku na hata kama kuna anayesema mto utashuka kesho. Ya tatu maana yake aliyebaki ameshachelewa. Hakuna anayelipwa kukitazama kigingi hicho. Nyumba zimepeana zamu.

Nilimuuliza mzee kwa nini wasihamie juu moja kwa moja, kama watu wa mijini wanavyowashauri kila mwaka. Hakukasirika, ingawa nadhani ameulizwa mara nyingi. Alinieleza habari za ukame ulioanza 2020 na kuendelea hadi mapema 2023, mvua zikikosa msimu baada ya msimu, wakati waliohamia juu walipouza vitanda ili kununua maji. Kule juu kuna usalama na hakuna maji. Huku chini kuna maji na hakuna usalama. Mto usipotoka kabisa, mpunga haupo na maziwa madogo ya samaki hukauka. "Tunataka maji ya magoti," alisema. "Yanayotuua ni ya kifua."

Tangu hapo nimeona shida katika vijitabu vya kujikinga na majanga ambavyo nimewahi kuvisoma, vinavyomfundisha mtu kujiandaa kwa janga moja. Nyumba ya kando ya Tana hujiandaa kwa mawili yanayopingana: pipa lililo juu ya dungu kwa ajili ya mafuriko ndilo hukingiwa maji ya kunywa wakati wa ukame, na debe la mbegu hutumika kotekote.

Usiku tulikula wali na kambare wa kuchoma, na shangazi akakataa katakata nisilipie hata chumvi.

Siku ya nne: Wema na Hewani

Nilirudi Minjila, nikapata gari la kuelekea Gamba kwa shilingi 150, tukavuka daraja la Idsowe. Hii ndiyo barabara ya Lamu, ambayo Novemba 2023 ilikatwa na maji na kuwaacha abiria wakilala ndani ya mabasi pande zote mbili. Nilitaka kuona mashamba ya mpunga ya upande wa Wema na Hewani, yaliyoanzishwa na mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi. Mradi huo ulizungushiwa kingo za udongo ili mto usiingie, na El Niño ya 1997 na 1998 ikazibomoa. Mabaki yake yanaonekana hadi leo kama matuta marefu yenye nyasi. Mkulima aliyenitembeza alisema kingo zina pande mbili: maji yakishavuka juu yake, hayajui njia ya kurudi, nayo hukaa ndani hadi yaoze.

Tulipopumzika kivulini, alikuja mama mmoja wa Kiorma akichunga ng'ombe saba, akatukaribisha chai ya maziwa matupu nyumbani kwake, umbali wa kama nusu saa. Familia yake ilikuwa na ng'ombe arubaini kabla ya ukame. Walipobaki kumi na mmoja, mafuriko yakachukua wanne. Kwake maandalizi ni njia: malka, yaani mapito ya mifugo kati ya mto na ardhi ya juu. Mathenge, mti wa miiba unaoenea haraka, umeziba mengi, hivyo maji yakija ng'ombe hujikuta wamefungiwa. Yeye na majirani, pamoja na wakulima wawili wa Kipokomo, walikuwa wametenga siku moja kwa wiki kukata mathenge na kuchoma makaa. Alinionyesha viganja vyake. Ile miiba hubaki ndani ya nyama.

Siku ya tano: Garsen hadi Hola

Matatu shilingi 500, viti vya watu kumi na wanne, watu kumi na wanane, pancha mbili. Chumba mjini Hola kilikuwa shilingi 1,200 na maji ya kuoga kwa ndoo. Jambo moja tu la siku hiyo linastahili nafasi. Hola ndiyo makao makuu ya kaunti, na mwaka 1989 mto ulihama njia yake na kuiacha mitambo ya kuvuta maji ya skimu ya umwagiliaji ikitazama mchanga, hata kilimo kikaanguka. Anayepima umbali wa nyumba yake na mto na aupime upya kila baada ya mafuriko.

Siku ya sita: Madogo

Nilikwenda Madogo, ng'ambo ya daraja la Garissa, kumwona binamu yangu, mwana wa shangazi, ambaye ana kibanda cha kutengeneza simu. Yeye ndiye jicho la kijiji. Ukuta wa kibanda una mstari wa matope ulionikuta kifuani. Mwishoni mwa Aprili 2024 barabara kuu hapa ilikuwa mto, watu wakivushwa kwa mashua, na mashua moja iliyojaa abiria ilizama na kuua. Binamu hakutaka kulizungumzia zaidi ya kusema kwamba tangu siku hiyo hapandi chombo ambacho hajahesabu watu wake.

Alichonieleza kwa urefu ni namna maji yanavyosafiri. Mvua hunyesha Aberdare na Mlima Kenya, upande wa Nyeri, na hapo ndipo nilipolielewa neno la mama wa kwenye basi. Maji huingia mabwawa matano yaliyopangana, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lililokamilika 1981, ndilo kubwa, na likijaa, ziada yake hupita kwa mengine yote, na tangazo hutolewa redioni. Lakini mito ya Mutonga na Kathita kutoka upande wa Meru huingia Tana chini ya mabwawa yote, na hiyo haizuiliwi na chochote. Kwa hiyo yeye husikiliza habari mbili: Masinga imejaa kiasi gani, na Meru kumenyesha namna gani. Kisha hutazama daraja la Garissa kwa macho yake na kumpigia mama yake. Kutoka hapo hadi kijijini maji huchukua siku kadhaa, nazo zinatosha kung'oa mabati, kuhamisha mbuzi na kupanda dunguni, mradi mtu aamini simu yenyewe. Mei 2024, alisema, majirani wengine walitoka nje, wakaona anga safi na nyota, wakarudi kulala.

Kurudi Mombasa nilipitia njia ileile, siku moja na nusu, bila kisa. Kwa jumla nilitumia shilingi 7,850 mbali na mchango wa ukoo, na nusu yake ilikuwa nauli. Atakayekwenda achague Agosti au Septemba, kwani Aprili, Mei na Novemba unaweza kufika na usiweze kutoka.

Ukoo umeniagiza ninunue kamba nyingine na debe la pili. Shangazi hajaniulizia hivyo. Hunipigia jioni, baada ya taarifa ya habari, na baada ya salamu huwa na swali moja, nami siku hizi hulitafutia jibu kabla simu haijalia: Nyeri kumenyesha?